Uzito wa Mwalimu Zagabe

Jumanne ya pili ya mwezi wa saba, mwaka 2002, Yolande aliifungua kompyuta yake kwa ncha ya kisu cha jikoni, akautoa ubavu mmoja, akapuliza. Vumbi lilitoka, na buibui mmoja akafuata. Ilikuwa saa tisa mchana na umeme ulikuwa haujarudi, kwa hiyo hapakuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Kaka yake, Nathanaël, alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ya shirika moja la misaada. Alikaa kando yake akiandika orodha nyuma ya karatasi ya mtihani wa jiografia. Disque dur, ambamo mashine inahifadhi kazi zote, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imejaa. Alimentation, yaani kile kisanduku kinachoigawia mashine umeme, kwa sababu kile cha zamani kilinuka kuungua. Halafu mémoire. Hiyo aliipigia mistari miwili.

Mjini Bukavu, neno hilo lina kazi mbili. Mémoire ni kile kitabu anachokiandika mwanafunzi wa chuo kikuu ili amalize masomo. Mémoire pia ni kile kipande chembamba ndani ya kompyuta, kirefu kama kidole, ambamo mashine inashika mambo inayoyafanyia kazi. Yolande aliishi kwa kuwachapia wanafunzi zile za aina ya kwanza, hapo nyumbani kwake Kadutu. Ya aina ya pili alikuwa nayo kidogo mno. Kurasa zikifika sabini mashine iliganda, na mwanafunzi aliyekaa nyuma yake alianza kusali.

Karatasi ya mtihani ilikuwa ya mume wake. Zagabe alikuwa mwalimu wa jiografia. Shule yake ilipofungwa kwa sababu ya vita, mwezi wa kwanza wa mwaka uliotangulia, alichukua sepeto akaenda Bunyakiri kuchimba coltan, madini yanayoingia katika vipande vya kompyuta, pamoja na wengine. Alisema Pasaka itamkuta nyumbani. Pasaka ilifika, yeye hakufika. Mtu mmoja aliyetoka kule alileta habari kwamba Zagabe amesonga mbele hadi Hombo, na kwamba huko ameoa. Mama mkwe, Maman Rosalie, aliiamini habari hiyo kwa sababu ilimwacha mwanawe hai. Basi hakuna aliyelia, hakuna misa iliyosomwa, na Yolande hakuwa mjane wala hakuwa mke. Kanisani watu walimsalimu wakiangalia pembeni. Waliomwonea huruma walimwambia angoje. Alingoja, huku akichapa.

Kesho yake walikwenda Nyawera, kwa Aloys, aliyeuza vipande vya kompyuta chini ya baraza la bati, kwenye meza mbili ndefu zilizotandikwa nailoni. Vitu vyake vilitoka Dubai vikipitia Kampala, vingine vipya, vingine vimeshafanya kazi katika ofisi za watu wasiojulikana.

Walianza na alimentation. Nathanaël aliinua moja, akainua nyingine.

"Hii kitu unachagua na mukono, hapana na macho," alimwambia dada yake. "Ile nyepesi ni bongo, ya uongo. Ndani yake hewa tu."

Wakachukua iliyokuwa nzito. Disque dur walizichagua kwa sikio: Aloys alizichomeka moja moja kwenye betri ya gari, na Yolande akainama kusikiliza. Mbili ziligonga kama kuku anayedonoa sahani. Ya tatu ilinguruma polepole bila kukwama, wakaiweka kando. Ilibaki mémoire. Aloys alikuwa na tatu zenye ukubwa waliouhitaji. Moja ilikuwa imechubuka meno. Moja ilikuwa mpya, bado imo ndani ya plastiki yake. Ya tatu haikuwa mezani. Ililala chini, juu ya kipande cha ubao, karibu na mguu wa meza ulioungwa kwa misumari.

"Ile iko nzito kidogo, maman," Aloys alisema. "Ilifika na zingine mwezi uliopita. Kwa meza haikai, imevunja mara mbili. Lakini inatumika muzuri, nilijaribu."

Yolande alichuchumaa, akaishika kwa vidole viwili. Haikusogea. Akaishika kwa mikono yote miwili, ikainuka upana wa kucha, ikarudi chini.

Mwaka 1996, vita vya kwanza vilipoingia mjini, Zagabe alikuwa na malaria na hakuweza kusimama. Yolande alimbeba mgongoni kilomita saba, kwenye njia ya Walungu, kati ya watu waliobeba magodoro. Mambo mengi ya siku ile aliyasahau. Mgongo wake haukuyasahau.

"Papa Aloys," alisema, "muniwekee hii mugongoni."

Aloys na Nathanaël waliinua ubao pamoja na kile kipande, wakamtegeshea, wakamfunga kitenge. Yolande alipiga hatua mbili. Akajitikisa kidogo, kama mtu anayemweka sawa aliyelala, kisha akapiga hatua nyingine tatu.

"Ni Zagabe," alisema.

Nathanaël bado alikuwa ameshika ile mpya. "Dada, hii iko na garantie, ikiharibika wanabadilisha."

"Ile haina?"

"Haina."

"Nachukua hii yangu."

Jirani wa Aloys, aliyeuza maharagwe, aliwaazima mizani. Kilo sitini na moja. Nathanaël aliuliza shemeji alikuwa na kilo ngapi alipoondoka.

"Sitini na nane," Yolande alisema. "Amekonda."

Kutoka Nyawera hadi Kadutu ni mlima mtupu. Yolande alimbeba hadi nusu ya njia, kisha akakaa kwenye jiwe la kando. Hapo ndipo alipompata Godelive. Godelive alikuwa mmoja wa wale wanawake wanaobeba mizigo ya watu, magunia ya unga na mikaa, kwa kamba inayopita kwenye kipaji cha uso. Alikuwa amezaliwa Bunyakiri na alikimbilia mjini baada ya kijiji chake kuchomwa. Aliinama, akapima kile kipande kwa kiganja kama anavyopima kila kitu.

"Iko mutu," alisema.

"Ni bwana yangu."

"Mutu habebwi na mabega. Leta kamba." Aliifunga vizuri, akaiweka kamba kwenye kipaji, akasimama. "Muzigo unalala tu. Mutu yeye anakusaidia, anajifunga kidogo. Sikia, huyu anajifunga." Walipofika karibu na soko alisimama kupumua. "Anakohoa."

"Kifua chake hakikuwa muzuri tangu zamani," Yolande alijibu, akamshika mkono wapande.

Nyumbani, Nathanaël aliitoa mashine mezani, akaiweka chini juu ya matofali manne. Yeye na Godelive walikishusha kile kipande mpaka kikaingia katika nafasi yake na kulia tik. Umeme ulirudi saa kumi na moja kasoro. Mashine iliwaka, ikaanza kuhesabu mémoire yake kama kawaida, ikafika kwenye namba iliyoandikwa kwenye kipande, ikapita. Ilihesabu muda wote ambao Godelive alikula bugali na samaki wadogo wa sambaza, akanawa mikono, akaaga. Kisha ikaacha kuhesabu na kufunguka.

Yolande alifungua kazi iliyokuwa inamngoja, mémoire ya mwanafunzi aliyeitwa Elodie, kuhusu barabara za jimbo. Chini ya ukurasa wa kumi na mbili, herufi zilianza kujiandika moja moja.

Yolande, Hombo haiko kusini ya Bunyakiri. Umwambie huyu mwanafunzi.

Aliisoma mara mbili. Mwanaume mwingine yeyote angeanza kwa salamu. Alivuta kiti, akaandika chini yake: Uko wapi?

Hapa ndani. Kabla ya hapa nilikuwa shimoni.

Walisema ulifika Hombo. Walisema ulioa.

Nani alikuwa na wakati?

Yolande aliifuta miwani yake kwa kitenge. Nathanaël alitoka nje na kusimama barazani, mgongo wake ukiuangalia mlango. Zagabe aliendelea kuandika, kwa sentensi fupi, kama alivyoandika ubaoni.

Tarehe kumi na ine ya mwezi wa tatu, Jumatano. Mvua ilinyesha siku mbili. Tulimwambia commandant, mukubwa wa askari wa pale, udongo umelegea. Alisema tuingie. Udongo ulipoanguka tulikuwa kumi na moja ndani. Tulisikia wenzetu wanachimba kuja kwetu. Halafu tukasikia wanaacha. Commandant aliwaambia gari inangoja mifuko, waende kuchimba upande mwingine. Aliweka askari kwa mlango wa shimo ili mutu asirudi.

Mulingoja siku ngapi?

Mbili.

Baadaye Zagabe alieleza yaliyobaki, kwa sababu alikuwa mwalimu na hakupenda kuacha somo katikati. Miezi michache baadaye walifungua shimo jingine chini ya lile lao, wakatoa mawe, na wao kumi na moja walikuwa ndani ya mawe. Wakatiwa katika mifuko. Gari hadi Miti, halafu Kavumu, halafu ndege. Viwanda viwili, kimoja cha joto, kimoja cha baridi.

Nimevuka bahari, Yolande. Ndani ya kontena, lakini niliisikia. Katika atlasi tunaipaka bleu nyepesi. Si hivyo.

Siku iliyofuata Maman Rosalie aliletwa. Alikaa mbele ya kioo na rozari yake. Hakujua kusoma, kwa hiyo Carmel, binti wa Yolande na Zagabe, mwenye miaka kumi, alimsomea.

"Umuulize jina nilikuwa namuitia akiwa mutoto mudogo," bibi alisema.

Jina likajiandika. Carmel alilisoma, akacheka, kwa sababu lilikuwa jina la mtoto asiyeweza kujizuia usiku. Maman Rosalie hakucheka. Alijifunika kitenge kichwani na kuanza kulia, na kilio chake kilisikika hadi njia panda. Majirani walikuja na viti. Walilia siku tatu, kama inavyotakiwa, na siku ya tatu wanawake wa ukoo walimnyoa Yolande nywele na kumfunga kitambaa cheusi. Kanisani, Jumapili, watu walimsalimu wakimwangalia machoni.

Halafu Maman Rosalie alisema, "Sasa mutoto wangu azikwe."

Yolande hakulala vizuri kwa sababu ya neno hilo. Lilikuwa neno la haki. Lakini kila alasiri, umeme ukirudi, alikuwa anaketi na kuzungumza na mume wake kuhusu shule ya Carmel na paa linalovuja, na tangu mwaka 1996 hawakuwa wamepata nafasi kubwa namna hiyo. Alimwandikia Zagabe maneno ya mama yake, bila kuongeza lake.

Mama, Zagabe alijibu, nimekaa chini ya udongo ya kutosha. Muniache nifanye kazi.

Carmel aliyasoma kwa sauti, mara mbili, kwa sababu bibi alitaka kuwa na hakika. Maman Rosalie alivuta pumzi. "Tangu utoto hakuwahi kulala mchana," alisema, akaenda kupika.

Kazi ilikuwepo. Zagabe alisahihisha barabara za Elodie na mito ya wengine. Wanafunzi walianza kuleta mémoire zao Kadutu kutoka hata Bagira, maana ilijulikana kuwa kwa Maman Yolande kuna mtu anayesoma kabla ya jury ya maprofesa. Carmel alifundishwa mabara yote, na katika daftari lake bahari ilipakwa rangi ya kijivu cha chuma.

Ila Zagabe alitaka kwanza orodha ichapwe. Alitaja wenzake kumi kama anayeita majina darasani, kila mmoja na kijiji chake. Yolande aliyapanga, akaongeza tarehe, jina la commandant, na mahali pa shimo kwa mto na kilima. Akaipeleka ofisini kwa wale waliokuwa wanatawala mji miaka ile. Karani aliisoma yote. Akaomba nakala tatu. Kisha akasema ushahidi unahitaji sahihi ya shahidi.

"Shahidi alikufa," Yolande alisema.

"Basi sahihi ya marehemu."

Alirudi siku ya pili na ukurasa ambao mashine ilikuwa imetoa sahihi ya Zagabe chini yake. Karani alitoa faili la zamani la walimu, akalinganisha, akakubali kwamba mkono ni ule ule. Akapiga muhuri nakala zote tatu na kuziweka katika kabati. Mwezi huo huo commandant alipandishwa cheo na kupewa mashimo mengine mawili. Kila Yolande alipopita kuulizia, kabati lilikuwepo na karatasi zilikuwemo. Karani hata alimfungulia aone.

Nakala ya nne ilibandikwa kwenye mlango wa parokia, na hiyo ndiyo iliyotembea. Familia zilikuja moja moja kutoka Bunyakiri na Kavumu. Kutoka Miti alikuja Muzee Adalbert, mkulima, baba wa kijana aliyeitwa Gentil, namba saba katika orodha. Alivua kofia mbele ya mashine. Alikuwa na swali moja tu.

"Alitoka na koti yangu," alimwambia Yolande. "Umuulize mwalimu, ile siku alikuwa ameivaa?"

Yolande aliandika. Jibu lilikuja mara moja.

Alikuwa ameivaa. Iko naye mpaka leo.

"Basi hana baridi," Muzee Adalbert alisema. Alikaa kidogo, akanywa chai. Kisha akauliza kama wengine nao wamefika mjini.

Zagabe hakujua. Walitenganishwa katika kiwanda cha pili. Yolande alimchukua muzee hadi Nyawera. Aloys alipoelezwa aliondoa nailoni, akafunga biashara kwa mchana mzima, na kumwacha muzee ainue vitu vyake kimoja kimoja. Godelive naye alikuja kusaidia. Waliinua ventilateur, zile feni ndogo, kibodi, disque dur zote. Waliinua carte mère kumi na mbili, zile bao pana zinazobeba vipande vyote. Karibu na mwisho wa meza ya pili, Muzee Adalbert aliweka mkono juu ya carte son, kile kipande kinachoipa kompyuta sauti, na hakikuinuka.

Godelive alipima kwa kiganja. "Iko kijana," alisema. "Amevaa kitu kizito."

Miti hapakuwa na umeme, na Muzee Adalbert hakutaka kompyuta. Alitaka mwanawe. Yolande alimuuliza Zagabe kama Gentil angependa kubaki mjini afanye kazi. Zagabe akajibu kwamba Gentil alikuwa na miaka kumi na tisa na kila jioni shimoni alizungumza juu ya ndizi za nyumbani. Jambo likawa limekwisha.

Walimzika Jumamosi ya pili ya mwezi wa tisa, asubuhi, katika shamba la migomba nyuma ya nyumba ya baba yake. Godelive ndiye aliyembeba kutoka mahali gari lilipowaacha, na hakukubali kupokewa. Kaburi lilichimbwa la urefu wa mtu, kwa kuwa kila mtu aliona halingekuwa jambo la heshima kuchimba dogo. Padri alitaja majina yote kumi na moja. Kasiksi, pombe ya ndizi, ilikuwa imeiva na chungu kilikuwa kimefunguliwa. Mama wa Gentil, ambaye kwa mwaka mmoja na nusu alikuwa akiweka sahani ya mwanawe mezani, siku hiyo aliwapikia wageni na akala nao. Baadaye alimshika Yolande kiganja, akaendelea kukishika wakati wa wimbo wa mwisho.

Nyumba ya Muzee Adalbert iko pale ambapo njia ya Bunyakiri inaungana na barabara kubwa ya Kavumu. Watu walipotoka shambani wakawa wamejaa njiani, gari lilishuka kutoka upande wa Bunyakiri. Lilikuwa limejaa mifuko, na juu ya mifuko walikaa askari wanne. Waombolezaji walisogea majanini kulipisha. Dereva alipunguza mwendo kwa heshima ya kilio, akainua mkono, na baadhi ya watu wakamwinulia wao. Askari mmoja alivua kofia yake. Kisha gari likaongeza mwendo kuelekea uwanja wa ndege.

Godelive alikuwa amesimama kwenye ukingo, kamba yake imekunjwa begani, akiangalia jinsi springi za gari zilivyokaa.

"Mufuko wa tatu kutoka nyuma," alisema, "upande wa kushoto. Ule si muzigo."

Yolande alilifuata gari kwa macho mpaka kona. Zagabe alikuwa amechukua miezi kumi na sita kutoka shimoni hadi Nyawera. Alihesabu kwa vidole, akatoa kalamu, akageuza karatasi ya nyimbo na kuandika: mwezi wa kwanza, 2004, kwa Aloys.

"Tutamungojea," alimwambia Godelive, ambaye alitikisa kichwa kukubali.

Carmel, aliyekuwa ameshika ncha ya kitenge cha mama yake, aliuliza huyo mtu anaitwa nani.

"Atatuambia yeye mwenyewe," Yolande alisema, na wakashuka barabarani kutafuta gari la kurudi mjini.